Maua Yaliyotiwa Homoni Kama Hina

Kwetu pwani ua hupimwa kwa pua. Asumini haina urefu wa kutajwa, lakini ukiingia nayo chumbani watu huisalimu kwanza, ndipo wakusalimu wewe. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne na kuajiriwa kwenye nyumba ya plastiki iliyojaa maua yasiyonukia chochote, nilihisi nimehamia nchi ambayo watu huchaguana kwa kimo.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko wa Kwale, huko juu ambako usiku mtu huhitaji shuka. Ilikuwa mali ya mama mmoja wa kutoka bara, mwalimu mstaafu aliyepewa shamba kwenye ardhi ya makazi, akalima mahindi mpaka akachoka kuwalimia nguruwe mwitu. Mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimeshapita. Zilituachia barabara yenye mashimo na mpasuko mmoja upande wa nyuma wa plastiki yetu, ambao tuliuziba kwa gunia. Ndani mlikuwa na matuta sita ya krisanthemamu.

Jina hilo halati yangu alikataa kulitamka. "Jina refu kuliko ua lenyewe," alisema. Yeye aliyaita wali, yaani wasichana waliowekwa ndani kungoja harusi. Na kweli yalifanana nao: yamefungiwa, yamekingwa na jua, yanalishwa kwa ratiba, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuyachungulia.

Halati ni mdogo wake mama, na ndiye aliyeniingiza kazini. Mtaani alijulikana kwa kutunga vikuba vya asumini na kupaka hina maharusi, ila harusi hazikuwa za kila wiki. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi kwa ndugu huyu mwezi huu, kwa yule mwezi ujao, akisifiwa upishi wake kila alikokwenda na kuulizwa kwa upole ataondoka lini. Shambani alikuwa na chumba kidogo, ndoo yake, na, kwenye nguzo ya nyumba ya plastiki, msumari wake wa kutundikia kanga. "Hapa," aliniambia siku yangu ya kwanza, "ninaamka nikiwa nina pa kwenda."

Shida ilikuwa mashina. Msimamizi wa hoteli moja ya Diani alikuja na futi ya fundi cherehani shingoni, akakata ua moja, akalipima, akatikisa kichwa.

"Vyombo vyetu vya maua ni virefu," alisema. "Hili likiingia litazama."

"Basi nunueni vikombe," akanong'ona halati.

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. Msimamizi alisema atarudi Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliofuata. Akikuta mashina marefu, atachukua maua yetu kila wiki. Akikuta mafupi, ataendelea kuletewa yake kwa lori kutoka bara. Alipoondoka, mwalimu alisimama mlangoni. "Huyo akikataa," alituambia bila kugeuka, "naing'oa hii plastiki, napanda muhogo. Muhogo hauna mambo mingi." Halati aliitazama kanga yake pale msumarini. Nikajua anahesabu ndugu.

Bwana shamba ndiye aliyetuletea dawa. Ilikuwa homoni ya kurefusha mashina, unga mweupe kwenye pakiti ndogo kama ya hamira. Alituonyesha namna ya kuutumia: unga kidogo tu kwenye ncha ya kisu, uyeyushwe kwanza kwa spiriti maana hauyeyuki kwa maji, kisha uchanganywe na maji kwenye pampu na kunyunyizwa wakati wa asubuhi.

"Hii pombe?" halati aliuliza, ameishika chupa ya spiriti kwa vidole viwili.

"Ni ile ya kusafishia kidonda, mama."

"Alhamdulillahi. Basi wali wetu wana kidonda."

"Mnanyunyiza mara moja," bwana shamba alisisitiza. "Halafu mnangoja wiki tatu. Na mbolea, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, msizidishe." Mwalimu alirudia maneno hayo kama anasahihisha daftari, kisha akafunga safari ya kwao bara kwa mazishi ya shemeji yake. Angekaa siku kumi.

Tulinyunyiza siku ileile. Kesho yake alfajiri tulikwenda kuangalia. Hakuna kitu. Mashina yalikuwa yaleyale, majani yaleyale, yametulia kama watu waliokula wakashiba. Halati alizunguka matuta yote sita, mikono nyuma.

"Mwanangu," alisema, "umewahi kuona hina ya mara moja ikakolea?"

Sikuwahi. Hina ya bibi harusi hupakwa, ikakauka, ikabanduliwa, ikapakwa tena, na tena, mpaka iwe nyeusi kama usiku wa kiza. Anayepaka mara moja hutoa rangi ya machungwa, na watu humcheka bibi harusi mpaka anapojifungua mtoto wa kwanza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye cheti cha sayansi. Nilijua bwana shamba alisema nini. Lakini nilijua hina zaidi.

"Ya kwanza hukamata," alisema halati akijaza pampu. "Ya pili hukolea. Ya tatu husema."

Tulipaka ya pili siku hiyo na ya tatu siku iliyofuata. Na kwa kuwa mwali wa ndani hulishwa mpaka mashavu yajae, kizibo cha mbolea nacho kikawa vizibo viwili. Tuta la nyuma tu, pale penye gunia, ndilo tulilolinyima. Mimea yake ilikuwa imepigwa na mvua, ina sura ya kulala vibaya. Halati aliipita bila kusimama. "Hawa hawaposwi," alisema. "Walipata ya kwanza, inawatosha."

Mwalimu aliporudi alipiga kelele za furaha hadi jirani akaja. Mashina yalikuwa yamemfika kifuani! Alitukumbatia, akatutolea kuku, na halati akamchinja kuku huyo kwa mkono wake, kwa bismillahi, ili tule sote kwa amani. Kwa wiki nzima tulikuwa watu wenye kipaji. Nilianza hata kutoa ushauri kwa wapita njia.

Tatizo ni kwamba maua hayakuacha. Yaliendelea kurefuka kama mtu anayesimulia jambo asilojua limalizike vipi. Shingo zikawa nyembamba kama uzi wa kushonea, majani ya juu yakapauka, ya chini yakanenepa kijani kibichi kwa ile mbolea, laini kama mchicha, na vidukari wakaja wakijulishana kwamba kuna karamu. Matumba yalibaki madogo, yamefumba. Siku nne kabla ya Ijumaa, matuta matano yalikuwa yamelala, kila shina limeegemea la mwenzake.

Bwana shamba aliitwa. Aliinua shina moja kwa kidole, likaanguka upande wa pili.

"Mlinyunyiza mara ngapi?"

"Mara moja," alisema mwalimu papo hapo. "Hawa wafanyakazi wangu nawaamini. Pengine hiyo dawa yako ndiyo mbovu."

Bwana shamba alianza kugeuza pakiti, akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Ilitosha sisi kunyamaza tu, lawama imwangukie yeye. Halati alinitazama, kisha akautazama ule msumari wake, na nikajua kwamba yeye atakuwa wa kwanza kusema, kwa hiyo nikamtangulia.

"Mara tatu," nikasema. "Na mbolea maradufu."

"Mimi ndiye niliyemwambia," halati akadakia. "Huyu mtoto ana makosa ya kunitii."

Mwalimu alikaa juu ya ndoo. "Mara tatu? Kwa nini, mama?"

Halati akamweleza hina, kuanzia kuchuma jani hadi kubandua, asiache kitu. Mwalimu alisikiliza bila kupepesa macho. Mwishowe alimgeukia bwana shamba. "Nimefundisha watoto miaka mingi, nikawaambia yale ya kufanya. Sikuwahi kuwauliza wanajua nini tayari." Kisha sauti ikapanda: "Lakini mama, shida si hina! Shida ni Ijumaa!"

Ndipo bwana shamba alipofika kwenye tuta la nyuma. Akaita. Wale wasioposwa walikuwa wamesimama wima, mashina marefu kiasi, magumu, majani ya rangi yake, na matumba yameanza kufunguka ya manjano. Kupakwa mara moja na kizibo kimoja.

Ijumaa msimamizi wa hoteli alikuta ndoo moja ya maua hayo mezani. Alipima, akapima tena, akatabasamu. "Haya ndiyo. Mengine yako wapi?"

Mwalimu alimtazama halati. Halati akafungua mlango wa plastiki, akamwonyesha matuta matano yaliyolala.

"Mengine tumeyaharibu sisi wenyewe, baba," alisema. "Tuliyapenda kupita kiasi. Haya ya ndoo ndiyo tunayojua sasa kuyafanya."

Msimamizi aliitazama ile vurugu. Nafikiri hakuwahi kuuziwa kitu na mtu anayemwonyesha kilichoharibika. Alisema hawezi kutuachia ukumbi wa chakula, ila meza ya mapokezi ndiyo, ndoo moja kila wiki, na msimu ujao tuzungumze. Mwalimu hakung'oa plastiki. Halati alirudi chumbani kwake, akafua kanga, akaianika mahali pake.

Tulimwagilia matuta maji matupu kuosha mbolea, tukayafungia mashina kwenye vijiti, na mengi hatukuyaokoa. Tukapanda upya. Siku ya kunyunyizia, halati alichanganya dawa mwenyewe, akapita kila tuta mara moja, polepole, midomo ikisogea kama anayesoma dua. Akamaliza. Akaweka pampu chini, akafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo akanipa mimi.

"Kaa nao wiki tatu," alisema. "Hata nikikuapia, usinipe."

Asubuhi yake nilimkuta nje, amepiga magoti upande wa nyuma, gunia amelisogeza, jicho moja kwenye mpasuko.

"Hawajabadilika," alisema, bila kuona haya hata kidogo.

"Halati, ni siku moja!"

"Najua." Akahamisha jicho. "Mwanangu, ufunguo unao lakini?"

"Ninao."

"Haya. Ondoka nao uende mbali."