Kahawa Iliyobaki Kwenye Kikopo

Nakumbuka siku baba yangu alipoonja kahawa kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyempikia, na nikaiharibu. Nakueleza kwa kuwa jana ulinipigia simu kutoka duka moja la Mowlem ukaniuliza, "Anko, nichukue gani, hii grinder iko na kikopo ama hii haina?" Ulitaka jibu la neno moja. Mtu wa umri wangu hana majibu ya namna hiyo, kwa hivyo nivumilie.

Nilikuwa kijana, napika kahawa kwenye hoteli moja mjini na kuishi katika chumba kimoja hapa mtaani Ziwani. Mashine yetu ya kusaga, hiyo unayoiita grinder, ilikuwa ya kikopo. Buni inaingia juu, unga unaangukia kwenye kikopo cha mbele, nawe ukivuta mkono wa kando, kipimo kimoja kinashuka kwenye kijiko cha mpini, kile kinachofungwa kwenye mashine ya kupikia. Asubuhi wateja wakijipanga, ule mkono haukupumzika, na unga haukumaliza hata dakika tano mle ndani. Nilikuwa hodari, na nilijijua. Hoteli ilipoleta mashine mpya nikaomba ile kuukuu, fundi mmoja wa Kariobangi akaifufua, nikaiweka nyumbani kando ya kimashine changu kidogo cha espreso. Majirani walikuja kuitazama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiitumia Jumapili tu, tena si kila Jumapili.

Baba alikuwa na shamba lake la mikahawa Murang'a. Aliichuma tangu ujana, akapeleka matunda kiwandani, akarudi nyumbani kunywa chai kama wenzake wote. Mwaka ule majirani zake walikuwa waking'oa mikahawa, naye alikuwa hajaamua kama ataing'oa yake. Basi akaja Ziwani na kimfuko cha buni yake mwenyewe, mama ameikaanga kwenye sufuria. Alikuwa akiniita Baba, maana nimebeba jina la babake.

"Nipikie hii, Baba," akasema. "Nataka kujua nimekuwa nikilima nini."

Nikaimimina juu, nikawasha, nikavuta mkono. Kilichoshuka ni unga wa buni ya hotelini, niliousaga wiki tatu nyuma ukabaki kikoponi. Wa kwake ulibaki nyuma, unasubiri zamu. Nilijua kabla ya maji kupita, kwa sababu hakukuwa na harufu, na yalipopita kahawa ilitoka haraka, rangi imepauka. Kumwaga kile kikopo na kuanza upya kungechukua dakika moja. Lakini nilikuwa nimeisifu ile mashine asubuhi nzima, na jirani yangu Mama Rehema alikuwa ameketi pale akitazama. Nikampa kikombe.

Alikunywa chote, kwa adabu, akakiweka mezani. "Kumbe ni hivi," akasema. Mimi nikacheka, nikamwambia kahawa ni kitu cha kuzoea. Maneno hayo bado yananiaibisha.

Jumapili iliyofuata nilivuta tena mkono, na safari hii ukashuka unga wake. Ilikuwa tamu, na uchachu kidogo kama wa tunda la damu. Sijawahi kupika nyingine kama ile hotelini. Niliketi kitandani na kikombe mkononi nikashindwa kukimaliza. Jumamosi nikaenda Murang'a. Mikahawa yote ilikuwa chini, imekatwakatwa kuni, na mashimo ya miche ya avokado yameshachimbwa.

Nilimweleza kila kitu, hata habari ya Mama Rehema. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakunigombeza.

"Ungeniambia tu siku ile, Baba," akasema. "Ningengoja kikombe cha pili."

Sasa, mwanangu, chukua isiyo na kikopo. Kikopo ni cha mahali watu wanapopanga foleni, na nyumbani kwako mko wawili. Ile nyingine inasaga moja kwa moja kwenye kijiko, kiasi cha kikombe unachopika wakati huo. Itakumwagia unga kidogo mezani, weka kitambaa. Nayo pia hubakisha unga kidogo shingoni, pale unapotokea, kwa hivyo asubuhi tupa ule wa kwanza kabla ya kumpikia mtu. Na siku ukimpa mtu kikombe kibaya, maana utampa, mnyang'anye kabla hajamaliza. Mwambie umekosea, nani yuko pale akitazama si hoja.

Mungu akujalie wageni wengi na mikono isiyoona haya kumwaga. Na baba yako akija kukutembelea, anywe kahawa aliyokuja nayo.