Chumba Kilichofungwa cha Mwenye Mashine

Kitabu chetu kimoja husomwa na wanawake watatu kwa wakati mmoja, na yote hayo ni kwa sababu ya kisu cha mkate. Tukipata kitabu kinene tunakipasua mgongoni vipande vinne, kila kipande tunakishona kwa uzi wa gunia na kukivalisha karatasi ya kaki. Mimi ninayefundisha shule ya msingi hapa Garsen ndiye ninayeanza. Nikimaliza kipande, kinakwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayelima mpunga Idsowe. Naye akimaliza, kinapanda bodaboda hadi Ngao kwa rafiki yetu nesi. Sheria ni moja tu: aliyetangulia hasemi kitu, hata kwa uso.

Tunasoma vitabu vya aina moja, ambavyo wenyewe tumeviita vitabu vya majumba. Tunavipata kwa muuza mitumba, chini ya viatu, vya Kiingereza, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kama hujawahi kusoma hata kimoja usijali, nitakueleza. Ni zamani, enzi za mishumaa na magari ya farasi. Msichana maskini mwenye akili anapata kazi katika jumba kubwa lililo mbali na watu. Mwenye jumba ni mgane, mzuri wa sura, mkimya. Mvua inanyesha. Kuna chumba kimoja ambacho hakifunguliwi. Msichana anampenda yule bwana na anamwogopa, yote mawili kwa pamoja, na wewe unageuza kurasa huku wali unaungua.

Walimu wenzangu hunitania. "Mwalimu, huu mto wa Tana haukutishi vya kutosha?"

Unanitisha sana, na ndiyo maana nasoma. Mto ukifurika, hofu yake haina ukurasa wa mwisho. Unabeba godoro na kuku, unakaa kwenye mwinuko, unasubiri. Hofu ya kitabu naifunga, naiweka juu ya kabati, nakwenda kupika, na nikirudi naikuta palepale inaningoja. Halafu kuna ule utaratibu wake wa pole pole. Kuna kitabu ambamo bwana alimshika msichana mkono mara moja tu, tena amevaa glavu, na sisi watatu tukashinda na homa. Siku hizi kijana anatuma ujumbe, anaona umesomwa na haujajibiwa, anakasirika kabla chai haijapoa. Atajuaje raha ya kusubiri barua inayokuja kwa farasi?

Wifi yangu ndiye msomaji mkali kutushinda sote. Anasoma akifuata mstari kwa kidole, kamusi iko pajani, na hamwachi mtu yeyote wa kitabuni apite bila kuhojiwa. "Nyumba ina vyumba arobaini," aliniambia siku moja, "na hakuna hata shangazi mmoja! Na huyu msichana naye, mbona hamwulizi mpishi? Mpishi ndiye anayejua chakula cha nani kinabaki."

Mwaka huu, baada ya mavuno, mambo ya vitabuni yakahamia Idsowe.

Wifi ni mjane, watoto wake wamekua na kuondoka. Alikuwa amepeleka mpunga kukobolewa, na mwenye mashine, ambaye naye alifiwa na mkewe, akamsogelea akasema neno. Mashine inanguruma, wifi hakusikia. Akasema tena. Wifi akaonyesha sikio. Yule mzee akaona hakuna njia nyingine, akazima mashine, na ombi lake la ndoa likasikika na foleni nzima, hadi kwa mwenye gunia la mwisho.

"Nipe muda," wifi alimjibu, akajitwisha mchele wake akaondoka huku watu wanapiga vigelegele.

Wiki hiyohiyo wifi alikuwa amemaliza kipande cha tatu cha kitabu tulichokuwa nacho. Kinaishia pale msichana amesimama mbele ya kile chumba, ufunguo mkononi. Kipande cha nne nilikuwa nimeshakituma, lakini mwenye bodaboda akapitiliza nacho moja kwa moja hadi Ngao, kwa kuwa mara nyingi mizigo yangu huwa ya huko. Kwa hiyo nesi alijua mwisho, mimi nilijua mwisho, na wifi akawa anatutazama nyuso kama anayetafuta sindano.

Katika hali hiyo mimi na wifi tukaalikwa chai nyumbani kwa mwenye mashine. Nyumba ya matofali kando ya mashine yake, baraza pana, vyumba vitano. Tulipopita ukumbini kwenda kunawa mikono, wifi alinifinya hadi nikaruka. Milango minne ilikuwa wazi. Wa tano ulikuwa na kufuli.

Tukanywa chai bila kuionja. Tulipofika njiani tu, wifi akampigia nesi, simu ikiwa kwenye spika.

"Mgane! Mkimya! Na chumba kimefungwa!"

"Ee Mungu wangu," nesi akasema. "Ina ghorofa?"

"Acha mzaha. Wewe umesoma cha nne. Yule bwana ni mwema au mbaya?"

"Sheria ni sheria, mama. Nina wagonjwa hapa." Akakata, lakini tulimsikia anacheka.

Nilitaka kucheka pia, ila nilipomtazama wifi niliona macho yake hayakuwa ya kitabu. Mtu ameishi peke yake, amezoea kujipangia siku zake. Akikosea hapa, hakuna wa kumshonea kipande kingine. Tukiwa tunatembea akasema, "Unajua kosa la wale wasichana wote? Hawaulizi. Wanangoja mvua, wanangoja mshumaa, wanaingia kwa wizi. Mimi nitauliza mchana."

Kesho yake tukarudi. Hakungoja hata chai imiminwe.

"Mzee, kile chumba kina nini?"

Yule mzee aliweka birika chini pole pole. "Kina mke wangu," akasema.

Nakuambia, mimi niliyesoma vitabu vya majumba vingi kuliko mtu yeyote wa Garsen, nilishika mguu wa kiti.

Akatoa ufunguo mfukoni akafungua. Ndani mlikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, sufuria zimepangwa, mikeka imekunjwa na kusimamishwa pembeni, na leso, rundo kubwa la leso alizokuwa akijitanda. "Tulipotoka kumzika nilifunga," alisema. "Sikujua nimruhusu nani aguse."

Wifi aliingia, akafungua dirisha, akainua leso ya juu akaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa na matundu.

"Mzee, unafuga mchwa humu."

"Naona," akajibu. Halafu akatugeukia. "Na ninyi mlidhani kuna nini?"

Kazi ya kueleza huwa yangu, basi nikamweleza yote: jumba, mgane, mvua, msichana. Mwanzoni alikunja uso. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi akajifuta macho. Nilipofika kwenye kipande cha tatu wifi akanipokonya hadithi, kwa sababu mimi naeleza na yeye anasimulia, akamfikisha msichana mlangoni, ufunguo mkononi.

Mzee alikuwa ameacha kucheka. "Halafu? Alifungua?"

"Sijui. Kipande cha nne kiko Ngao, kwa rafiki yetu nesi."

"Mwalimu huyu anajua?"

"Anajua. Hasemi."

Akanitazama usoni. Nikatazama mabati. Akachukua ufunguo wa pikipiki juu ya meza. "Huyo nesi yuko zamu leo?"

Kabla hatujajibu alikuwa nje. Watu waliokaa na magunia yao mbele ya mashine wakainuka. "Mzee! Unakwenda wapi? Mpunga wetu!"

"Ngojeni!" akapiga kelele juu ya mngurumo wa pikipiki. "Kuna msichana amekwama mlangoni!"

Vumbi likamfunika. Wifi alisimama dirishani akitazama njia ya Ngao, leso ya marehemu ingali mkononi, na uso wake ulikuwa ule ninaoujua, wa mtu aliyepewa kitabu kinene.

"Wifi," akasema, "nitamkubali."

"Hata mwisho hujaujua."

"Wa kitabu, ndiyo, sijaujua." Akanipa ncha mbili za leso, naye akashika mbili. "Kaza mkono, tukung'ute."