Majina Katika Wimbo wa Baba Mdogo

Ninyi tuliokua pamoja kabla ya Hali ya Hatari mtanisahihisha nikikosea, maana shule niliiacha darasa la nne, na kumbukumbu nayo imeanza kuvuja kama paa la zamani. Lakini Nakuru ya utoto wetu ilikuwa mji wa muziki, na hilo sikubali kubishiwa. Watu walisema wanakwenda Nakuru kutafuta kazi ya reli, ama ya kiwanda cha unga, ama ya mashine za mbao. Ukiwauliza vizuri, baada ya kikombe cha pili cha chai, wanakuambia walisikia kuna dansi.

Mimi na mama tulitoka shamba la mzungu huko Kabazi baada ya baba kufariki. Mdogo wake baba, jina lake Gathogo, alikuwa anapaka grisi magurudumu ya mabehewa ya reli, na ndiye aliyetuchukua tukaishi naye kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja zimepangwa kama masanduku ya sabuni. Nilikuwa msichana wa miaka minane, labda tisa. Mama hakuwa mtu wa kuandika.

Nakumbuka siku ya kwanza niliziba masikio. Kule shambani tulikuwa na ng'ombe na jogoo, basi. Hapa, king'ora cha reli kinalia asubuhi mpaka sufuria zinatetemeka. Duka la Mhindi lina santuri, na pembe yake imeelekezwa barabarani, kwa hivyo hata mtu anayekwenda kununua chumvi anajikuta anatembea kwa mapigo. Ukirudi landi, mlango huu kuna Mluhya na gita lake, mwenzake anagonga chupa kwa msumari. Mlango ule Mjaluo anapiga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha kwao, huku mkewe anakaanga samaki waliofika na treni ya Kisumu. Upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi na harufu ambayo sitaisifu, nisije nikadanganya. Ilikuwa inanuka. Lakini mpaka leo nikiinusa nasikia muziki.

Vijana wa leo wanabeba muziki mfukoni, wameziba masikio, mtu anatikisa kichwa peke yake barabarani kama aliyerogwa. Sisi muziki haukuwa wa mtu mmoja. Ukitaka kuusikia ulikuwa lazima uende pale ulipo, na ukifika unakuta watu.

Sasa, Baba Mdogo alikuwa na akodioni. Aliinunua kwa dereva mmoja wa treni, vitufe viwili havikulia, na alijua kuvikwepa. Jumapili alasiri, baada ya kanisa, alipiga mwomboko, dansi yetu Wakikuyu, katika holi ya lokesheni, yaani mtaa wa Waafrika, rafiki yake akigonga pete ya chuma kwa kipande cha chuma, na wanaume waliovaa makoti mazito juani walicheza na wake zao, hatua mbili, kuinama, hatua mbili, kuinama. Sisi watoto tulichungulia dirishani, na mimi nilipanda juu ya mabega ya wenzangu kwa sababu aliyekuwa anapiga alikuwa wa kwetu.

Kitu ambacho watu walikipenda zaidi kwake ni salamu. Sijui kama kwenu ilikuwa hivyo. Katikati ya wimbo Baba Mdogo alitaja watu: fulani mwana wa fulani, ametoka shamba fulani, amefika salama, mama yake aambiwe. Aliyetajwa alisimama akainua kofia. Na aliyekuwa anarudi mashambani siku hiyo alibeba yale majina kichwani. Kule Subukia, Solai, Kabazi, mama alikuwa anajua mwanawe yuko hai kwa sababu ametajwa Nakuru. Hatukuwa na barua sisi, wengi hatukujua kusoma. Wimbo ndio uliokuwa barua.

Halafu serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari, kuwasaka wapiganaji wa msituni.

Nitaandika nilichokiona tu, kwa sababu mengine nimeyasikia baadaye na siwezi kuyatenganisha. Niliona Wakikuyu wanaondolewa mashambani na kupakiwa kwenye malori. Niliona wanaume wanachuchumaa kwa mstari na mikono kichwani. Holi ikafungwa, sisi Wakikuyu tukakatazwa kukutana humo. Baba Mdogo aliporuhusiwa kupiga tena, mahali pengine na mbele ya askari, alipiga bila kutaja mtu yeyote. Salamu zikaisha. Watu walicheza, lakini walicheza wakiangalia mlango.

Karibu na wakati huo wanaume watatu walitokea kwetu. Walikuwa wametembea kutoka Kabazi kwa kupitia vichakani, baada ya mzungu wao kuwafukuza, na hawakuwa na karatasi ya kuwaruhusu kuwa mjini. Mwangi alikuwa mrefu mpaka miguu yake ilitoka nje ya blanketi. Njuguna alikuwa mwana wa mkamuaji wa ng'ombe. Wa tatu alikuwa kijana mfupi, mcheshi, aliyenifundisha kupiga mluzi kwa jani. Kama walikuwa wamekula kiapo cha msituni sijui. Sikuuliza, na kama ningeuliza ningepigwa. Walilala nyuma ya pazia, mchana hawakutoka, na mama aliwapikia githeri, mahindi na maharagwe, kwa jiko la ndani ili jirani asihesabu sahani.

Jumapili moja, mlango umefungwa, Mwangi akamwambia Baba Mdogo, "Gathogo, nisalimie. Tangu nifike hapa sijasikia mtu akiniita. Nimekuwa kama paka."

Baba Mdogo akakataa. Wakamwomba tena, wakicheka, lakini macho hayakucheka. Ndipo akachukua akodioni, akaikunjua kidogo tu, kama mtu anayefungua bahasha ya mwenziwe, akaimba kwa sauti ya kunong'ona. Aliwaita wote watatu, kila mmoja na jina la baba yake na shamba alilotoka. Akasema wamefika salama, mama zao waambiwe. Mwangi alisimama akainua kofia ambayo hakuwa nayo.

Mama aliniangalia. "Mambo ya nyumbani si ya kutembea nayo," akasema. "Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Siku chache baadaye tulikuwa tunacheza bendi nyuma ya bafu za landi. Mnaukumbuka huo mchezo? Akinyi, binti wa yule mpiga nyatiti, alikuwa na debe. Wengine walikuwa na vifuniko vya chupa vilivyotungwa kwa waya. Mimi nilikuwa na katoni niliyoikunja kama akodioni, kwa sababu mwenye Baba Mdogo wa akodioni nilikuwa mimi. Mvulana mmoja akaanza kunichokoza.

"Baba yako mdogo ameishiwa! Hana nyimbo. Siku hizi anapiga kama bubu!"

"Hajaishiwa!"

"Basi imba mpya. Imba moja tu ambayo hatuijui."

Mngefanya nini? Nimejiuliza miaka yote hii mtoto mwingine angefanya nini. Labda angenyamaza. Mimi niliimba. Niliimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na nilipofika kwenye majina nilisimama juu ya jiwe.

Nyuma yetu mtu akapiga makofi. Alikuwa Mutua, askari wa lokesheni. Nataka niseme haki juu ya Mutua. Hakuwa mtu mbaya. Alinyoosha ringi zetu za baiskeli za kuviringisha zilipopinda, na mara moja alimbeba Akinyi mpaka zahanati alipokatwa na kigae. Kikikuyu alikuwa hakijui, ila salamu tu.

"Ala! Sauti kama ya santuri," akasema. "Rudia, mama. Rudia hapo kwenye majina, hapo pazuri."

Nikarudia. Akanipa kipande cha sukari guru kutoka mfukoni, kimeshikana na uzi wa sweta. Nikarudia tena. Kwa jumla niliimba mara tatu, na ile ya mwisho hakuwa ameniomba.

Siku ya tatu, asubuhi, king'ora kimelia lakini hakuna mtu aliyeruhusiwa kwenda kazini. Wanajeshi walikuwa wamezunguka landi yote. Afisa mmoja mzungu alisimama mlangoni kwetu na karatasi, na karani akasoma majina. Mwangi, jina la baba yake, Kabazi. Njuguna, jina la baba yake, Kabazi. Halafu wa tatu. Yalikuja kwa mpangilio uleule wa wimbo.

Ama ndivyo ninavyokumbuka. Lazima niandike upande wa pili pia. Shamba la Kabazi lilikuwa na orodha ya waliofukuzwa, na mzungu wao angeweza kuipeleka polisi. Majirani wangeweza kusikia kikohozi cha nyuma ya pazia. Mutua hakujua kuandika, na sijui kama alimwambia mtu. Tena nilikuwa mtoto mwenye hofu, na hofu hupanga mambo upya. Inawezekana karani alisoma kwa mpangilio mwingine kabisa, na ni mimi niliyeyapanga baadaye, usiku mmoja baada ya mwingine, mpaka yakafanana na wimbo. Nimeyapima hayo yote, na kila mara nikimaliza kupima nakuta bado nimesimama juu ya lile jiwe.

Waliwatoa wote wanne, Baba Mdogo akiwa wa mwisho, kwa kosa la kuwaficha. Mwanajeshi mmoja aliokota akodioni, akaikunjua, ikatoa mlio kama wa mbuzi, wenzake wakacheka. Baba Mdogo hakugeuka. Mama alisimama na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa nimeuma kona ya blanketi.

Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo, tulipewa siku mbili. Tukapakiwa kwenye behewa pamoja na wengine, tukapelekwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, upande wa Murang'a, "kwetu" ambako mimi sikuwa nimewahi kukanyaga. Watoto wa kule walinicheka kwa namna nilivyosema Kikikuyu chenye Kiswahili cha landi. Tukawekwa kijiji chenye handaki na miiba. Huko hapakuwa na muziki ila filimbi ya kuitwa kazini.

Baba Mdogo alirudi baada ya miaka mingi ya kambi za kizuizini, mimi nikiwa msichana mkubwa. Alikuwa amekonda, na vidole vya mkono wa kulia havikunyooka sawasawa. Nilimpa uji. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu nilipokuwa naota meno ya ukubwani, na yote yakanikimbia.

"Baba Mdogo," nikasema, "ule wimbo ulioimba, wa akina Mwangi, mimi ndiye..."

"Wimbo gani?"

"Ule wa landi. Wa salamu."

Akapuliza uji. Akanywa. Akaniangalia kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Mtoto wangu, mimi sijawahi kuimba," akasema. "Uliza mtu yeyote."

Labda alikuwa ananisamehe. Labda alikuwa ananiadhibu. Labda ni kwamba kambini alikana kila kitu kwa miaka mingi sana mpaka kukana kukawa ndiyo lugha yake. Siwezi kumsemea. Aliishi muda mrefu baada ya hapo, alilima, alienda kanisani, na nyimbo zikiimbwa alisimama mdomo umefungwa. Sikumwuliza tena mpaka tukamzika. Mwangi na Njuguna nilisikia walirudi. Yule wa tatu hakurudi, na sikupata mtu wa kuniambia alilala wapi.

Nilirudi Nakuru nikiwa mke wa mtu, na nimezeekea hapa. Sasa naishi na mwanangu huko Kiamunyi, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba matupu na leo ni magorofa na mabango. Mji umekuwa jiji. Muziki bado upo, tena mwingi, siku hizi mtu mmoja na gita moja na spika kubwa kama kabati anafanya kazi ya bendi nzima. Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinipeleka hoteli moja ya nyama choma. Mwimbaji alikuwa anapokea vikaratasi kutoka mezani, anayasoma majina ndani ya wimbo, na watu wanaruka, wanapiga kelele, wanajipiga picha wakitajwa. Wapo waliolalamika kwamba wametajwa mara moja tu.

"Shosho, simama!" mjukuu akaniambia. "Nimekuandikia. Anakuita sasa hivi!"

"Mwambie asinitaje."

"Ai, Shosho! Wacha aibu. Hapa kutajwa ni raha."

Na kweli nilitajwa, jina langu na la baba yangu na kule nilikotoka. Meza zote zikapiga makofi. Sikusimama. Watoto hawana kosa, na mimi sitawaharibia furaha yao kwa mambo yangu, ndiyo maana nilitabasamu na kula nyama niliyoshindwa kuitafuna. Lakini enzi zetu jina lilikuwa na uzito. Ukilitoa mdomoni lilikwenda mahali, na mtu alilipokea. Hawa wanayarusha kama njugu, na huenda wao ndio wenye bahati.

Nilipofika nyumbani nikachukua daftari hili ili niwaandike wale watatu, angalau mara moja, kwa mkono wangu, vizuri. Nikaandika Mwangi wa Kabazi, na jina la baba yake. Nikaandika Njuguna wa Kabazi, na la baba yake. Kisha nikakaa na kalamu. Nimejaribu kuuimba ule wimbo tangu mwanzo, polepole, mlango umefungwa, na sauti inakuja yote, hata pale Baba Mdogo alipokwepa vitufe vibovu. Nikifika kwa yule mfupi, sauti inapita tu juu ya mahali pake. Mbele ya askari nilimtaja mara tatu bila kukosea. Leo simkumbuki jina.