Karani wa Isingiro anayekagua mihuri ya barua pepe

Saa moja na nusu asubuhi, Placidia Kemirembe anabana nyaya kwenye betri ya gari, anawasha redio ya upepo, kisha kompyuta. Mashine inakoroma, inapiga mluzi, inanyamaza. Dirishani mwa ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, hapa Isingiro wilayani Karagwe, watu sita wametulia kama wako kanisani.

"Imefika," anasema. Wanashusha pumzi.

Hapa hakuna waya wa simu. Barua pepe hutoka Bukoba, hupokewa Mwanza, hurushwa hewani juu ya migomba na kutua mezani kwa mama huyu wa miaka 34, anayelipwa shilingi 35,000 kwa mwezi. Ukiiona ikitua, unabaki mdomo wazi.

Agosti mwaka huu, 1998, ilitua barua yenye jina la mnunuzi wao wa Bukoba. Ghala limebadilika, ilisema, mzigo ushushwe kwingine. Magunia 140 yalikuwa yameshapakiwa, jasho la kaya 62. Mwenyekiti, Mzee Yustus Rwezaura, akamwambia dereva awashe gari.

"Samahani Mzee, lori lisiondoke," Placidia alimwambia.

"Mwanangu, jina si lake hilo pale juu?"

"Jina ni lake, Mzee. Njia si yake."

Kabla ya kuja hapa, Placidia alikaa miaka mitano kwenye kizuizi cha barabara ya Murongo, akikagua vibali vya kahawa. Magendo yalipita pale kwa majina ya watu waheshimiwa kabisa.

"Jina mtu huandika apendavyo," anasema. "Sisi tuligeuza kibali, tukaangalia mihuri. Kimegongwa wapi na wapi, saa ngapi?"

Kumbe barua pepe nayo hugongwa mihuri! Kila kituo inachopitia huacha jina lake na saa, kwenye mistari midogo ambayo wengi huiruka. Barua za mnunuzi huanzia Bukoba. Ile ilianzia ng'ambo, ikazunguka vituo vinne.

Placidia akamwita mnunuzi redioni. "Sijahamisha ghala lolote," sauti ikajibu. Mzee Rwezaura akamwambia dereva azime gari.

"Yewe! Barua inatembea na njia yake mgongoni?" anashangaa hadi leo Mukakalisa, mkulima aliyekuwa na magunia matatu kwenye lori lile.

Placidia hajivuni. "Vibali walighushi, na mihuri hii ya barua wataighushi." Ndiyo maana yeye na mnunuzi wamekubaliana kwamba ghala halibadilishwi mpaka wazungumze kwa sauti redioni. Msimu ukiisha, ataenda kuwafundisha makarani wa Kibingo na Nyakakika.

Mwanafunzi wa kwanza hakusubiri. Mukakalisa ana miaka 51 na hakuwahi kusoma, lakini kila Jumamosi huja kwa Placidia na daftari. Ameshafika herufi ya M.

"Kahawa ni yangu," anasema, akifuta vidole vyenye wino. "Mwaka kesho, kabla lori halijawashwa, na mimi niulizwe nimeona nini."