Mvua Haikukosa Mwaka Ule

Kwa miaka kadhaa nilifundisha Kiswahili jioni huko Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, karibu na stesheni ya Midi. Wanafunzi wangu walikuwa Wabelgiji wa kila namna: nesi aliyejiandaa kwenda Bukavu, mstaafu aliyezaliwa Kongo na kutaka kukumbuka alichosahau, kijana aliyempenda Mkenya na kumwogopa mama mkwe. Mimi ni mtu wa Mbeya na sina subira. Mtu akisema "kitabu yangu" kwa mara ya tatu, hata nikinyamaza uso wangu unamjibu.

Siku moja, katikati ya miaka ya elfu mbili, mlango uligongwa tukiwa tumeshaanza. Akaingia mzee wa Kichina mwenye koti la sufu na mfuko wa kitambaa. Nilidhani amepotea njia, nikaanza kutafuta Kifaransa changu cha kuelekeza watu. Akasema, "Hodi, Mwalimu. Nimesikia kwamba hapa panazungumzwa Kiswahili. Kama hutajali, naomba nikae nyuma, nisikilize tu." Darasa zima liligeuka kumtazama. Mimi nilibaki mdomo wazi, na mtu anayenijua atakuambia hilo si jambo la kila siku.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, tukingoja tramu baada ya somo. Alizaliwa kijijini, katika jimbo la Henan. Alipokuwa kijana alipelekwa Beijing kusoma lugha, na hakuichagua yeye. Aliambiwa kuanzia leo wewe ni Kiswahili, kama mtu anavyoambiwa wewe utakaa kitanda cha dirishani. Alifanya kazi miaka mingi ya kutafsiri habari na majarida yaliyotumwa Afrika Mashariki, kisha akawa mkalimani kwenye ujenzi wa reli yetu ya kusini. Mkewe alipofariki, binti yake, aliyekuwa akifanya biashara ya vyombo vya jikoni hapa Brussels, alimleta akae naye Ganshoren. Huko Ganshoren hata mbwa wanabweka kwa adabu. Mzee aliniambia kwamba tangu afike hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, na kwamba usiku alikuwa akijisemea peke yake ili kisimkauke.

Nilimpenda mara moja, sioni haya kusema. Baba yangu alibeba mataruma, yale ya kulazia vyuma vya njia, kwenye reli ile ile. Hawakuwahi kukutana, lakini Mzee alizijua kambi ambazo baba alizitaja, na mto ambao daraja lake lilisumbua. Baba alifariki nikiwa bado msichana, na kumsikia mtu mwingine akitaja mto ule ilikuwa kama kurudishiwa kitu chake. Kila Jumatano nilimwekea Mzee kiti karibu na kipasha joto. Wanafunzi walimtania kwamba yeye ndiye kipenzi cha mwalimu, naye akawajibu kwamba wivu si somo la leo.

Kisha likaja somo la njaa. Ni somo rahisi. Wabelgiji wanachoshangaa ni kwamba kwetu njaa unaweza kuwa nayo, unaweza kuisikia, na inaweza kukuuma. Na kwamba neno hilo hilo linatumika kwa mtu aliyechelewa chakula cha mchana na kwa nchi nzima inayozika watu. Nilipita kwa kila mmoja, nina njaa, nasikia njaa, njaa inaniuma. Nilipofika kwa Mzee akasema, "Tumbo linaniita." Watu wakacheka. Nikamwambia aseme kama wenzake. Akarudia lile lile. Mimi, kwa ubishi wangu, nikasisitiza, naye akafunga mfuko wake taratibu na kuniomba radhi, akasema neno hilo atalipita.

Jumapili iliyofuata aliniomba tukutane sokoni Midi. Tulikaa kwenye mkahawa wa Wamoroko, mbele yetu glasi za chai ya mnanaa, na hapo ndipo aliponieleza. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, yeye akiwa chuoni, mama yake na dada yake mdogo walikuwa kijijini. Sufuria za nyumbani zilikuwa zimechukuliwa na kuyeyushwa ili kupata chuma, na kila mtu alikula kwenye jiko la pamoja. Viongozi wa wilaya walikuwa wameripoti mavuno makubwa kuliko yaliyovunwa, basi serikali ikachukua nafaka kwa hesabu ya mavuno yale ya kusema. Jiko la pamoja likabaki na maji ya moto. Aliporudi likizo ya mwaka mpya alikuta miti imechunwa magome mpaka juu, na njia ya kwenda mjini inalindwa na watu wenye bunduki ili mtu asitoke kwenda kuomba. Mama yake alikuwa ameshakufa. Dada yake alifariki yeye akiwa pale. Aliyekuja kuandika vifo aliandika ugonjwa wa kuvimba, maana lile neno lingine lilikuwa limepigwa marufuku hata kwa waganga.

Nikamwuliza kama mvua ilikosa.

"Mvua haikukosa mwaka ule, Mwalimu. Ilinyesha vizuri. Ngano ilikuwapo, ilikuwa ghalani, na ghala lilikuwa na mlinzi."

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinichoma mimi hasa. Alipoanza kazi, alipewa maneno rasmi ya Kichina ya kuitaja miaka ile, yaani miaka mitatu ya maafa ya kimaumbile, ayatie kwa Kiswahili. Aliona kwamba msomaji wa Tanganyika hataelewa maafa ya kimaumbile. Akatafuta neno ambalo mkulima wetu analijua bila kuelezwa. Akaandika ukame. Wakubwa wake walimsifu, likawa ndilo neno la kutumiwa, likaenda redioni na kwenye majarida. Kijana aliyetoka kumzika dada yake aliyekufa kwa njaa wakati ghala limejaa alikaa mezani akatuandikia sisi kwamba lilikuwa jua kali.

Sisi tulilisoma. Baba yangu alilisoma. Majarida yale yalifika kambini kwenye reli bila malipo, na baba aliyaleta nyumbani, yakiwa na picha za wakulima wenye mashavu. Mwaka tuliokula unga wa njano, ule tuliouita yanga, mimi nilikuwa mtoto na nililia kwamba ugali unanuka. Baba alinikalisha akanisomea jinsi wakulima wa China walivyovumilia ukame mpaka wakaushinda, na sisi tutashinda. Alisoma kwa sauti ya kanisani. Nilikula. Baba yangu alikufa akiamini kila herufi ya habari ile, na mtu aliyeitunga alikuwa ameketi mbele yangu anakoroga chai.

Nilimwambia waziwazi kwamba ametuchezea. Hakujitetea. Alisema amelifikiria jambo hilo miaka mingi na anajua anachotaka: uongo ule aliusema kwa Kiswahili, basi aufute kwa Kiswahili, mbele ya watu, kabla hajafa. Kwao hakuna mahali pa kusema, wala kaburi lenye maandishi, wala kitabu dukani. Alitaka kusema sentensi moja tu mbele ya watu wanaoielewa, kwamba mama yake alikufa kwa njaa. Neno alilolikataa darasani, hapo alilitamka mwenyewe. Hasira yangu ikaisha pale pale, na nikampa ahadi yangu.

Waswahili wa Brussels tulikuwa na mkutano wetu wa alasiri, Jumamosi moja moja, katika ukumbi wa mtaa karibu na mfereji huko Molenbeek. Wakongo wa Lubumbashi walileta maandazi, Warundi wa Bujumbura walileta chai ya tangawizi, na Watanzania, kama kawaida yetu, tulileta hotuba. Niliwaambia wenzangu kwamba safari hii tutakuwa na mzee mwenye jambo zito. Nilifanya naye mazoezi Jumatano nne. Kila mara aliifikia sentensi yake na kila mara aliisema, sauti ikizidi kuwa imara.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mzee alivaa tai. Alianza vizuri, akasimulia alivyopewa Kiswahili kama mtu anavyopewa sare, watu wakacheka. Akasimulia kijiji, sufuria, jiko la pamoja. Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia binti yake. Nilimtambua kwa sababu aliwahi kuja kumchukua baba yake kwa gari. Aliongozana na mwanamume wa Kichina wa rika la Mzee, mwenye miwani minene, wakaketi nyuma. Yule mwanamume akamwinamia binti sikioni. Mzee aliwaona. Akashika tai yake, akasema kwamba kisha ikaja miaka mitatu ya ukame, watu wakapata shida, lakini kwa umoja wakavuka.

Mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye saluni hapo mtaani, alikuwa amesikiliza kwa makini. Akainua mkono.

"Bon, papa, miye niko na swali. Ile njaa ya kwenu ilitoka wapi? Ni mvua ilikatala, ao ni bantu?"

Bantu kwao ni watu. Alikuwa amemwekea neno mkononi. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele yangu.

"Ni mvua, mama," alisema Mzee. "Ilikuwa mvua."

Watu walimpigia makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya mfereji mpaka baridi ikanirudisha ndani kuchukua koti langu. Sikumuaga. Nilijiona mjinga mara mbili, kwanza kwa ajili ya baba, pili kwa ajili yangu mwenyewe, na mara ya pili iliuma zaidi kwa sababu nilikuwa mtu mzima. Moyoni nilimalizia kesi palepale: binti ana biashara China, amekuja na mtu wa ubalozi, wamemziba mdomo. Nilimchukia mwanamke yule bila kuzungumza naye neno moja.

Mzee hakurudi darasani. Aliyekuja ni binti yake, wiki chache baadaye, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Alisimama mlangoni na kuniuliza kwa Kifaransa kama ninaweza kumpa dakika chache. Nilimwambia kwa ukali kwamba kama amekuja kuhakikisha nanyamaza, amechelewa, kwa sababu hakuna cha kunyamazia. Akashangaa. Hakuelewa ninasema nini.

Kumbe baba yake alimwambia kwamba atazungumza habari za mama yake, bibi wa binti, kwa Kiswahili, na kwamba yeye asijisumbue kuja kwani hataelewa. Nyumbani kwao bibi yule hakutajwa. Shuleni China alifundishwa maafa ya kimaumbile, baadaye vitabu vikabadilishwa vikasema miaka ya shida, na baba yake akamwambia ni ugonjwa wa kuvimba. Aliwahi kukaa hotelini huko, akaandika kwenye kompyuta jina la wilaya yao na miaka ile, na ukurasa ukakataa kufunguka. Basi aliposikia kuna mkutano alitafuta mtu wa kumtafsiria, maana mwenyewe hajui Kiswahili. Aliyempata ni mzee aliyefanya kazi zamani ofisi moja na baba yake, ambaye alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe huko Leuven. Alidhani anamfurahisha baba kwa kumletea rafiki.

Hakuwa mtu wa ubalozi. Lakini alikuwa mmoja wa wale waliokaa chumba kimoja na Mzee walipolipitisha neno ukame, na Mzee alipomwona alirudi kuwa kijana wa mezani.

"Yule mzee alinitafsiria kila neno," binti alisema. "Alisema ni mvua. Wewe, baba alikwambia nini, madame?"

Nilifikiria. Siri haikuwa yangu. Lakini haikuwa ya baba yake peke yake pia; mama huyo alikuwa bibi wa mwanamke aliyesimama mbele yangu. Nikamwambia, kwa Kifaransa changu kibovu, kuhusu magome ya miti, njia iliyolindwa, ghala, dada mdogo. Hakulia. Aliniuliza tu kama dada huyo alikuwa na miaka mingapi, na nikalazimika kusema kwamba sikuuliza.

Baada ya siku kadhaa alinipigia simu. Alikuwa amemkabili baba yake. Mzee alimjibu kwamba mwalimu ni mwanamke mwema lakini alielewa vibaya. Kwamba Kiswahili alichojifunza yeye ni cha vitabuni, tena cha zamani, na kimeshachakaa. Kwamba siku ile sokoni alichanganya maneno, akasema njaa akitaka kusema ukame.

Nilikaa kitandani. Binti aliendelea, polepole, kama mtu anayepita kwenye barafu.

"Wewe ndiye mwalimu. Nakuuliza wewe. Kiswahili cha baba yangu ni kibaya?"

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kumsikia akikosea hata neno moja."

Binti akasema asante, sasa anajua bibi yake alikufa vipi, na akakata simu.

Mzee aliishi miaka mingine kadhaa huko Ganshoren, na sikwenda kumwona. Watu waliniambia nimsamehe, kwamba woga wa ujanani hauondoki mwilini. Nauelewa huo woga. Lakini maisha yake yote alikula mkate wa lugha yangu, na alipoulizwa na mtoto wake, alikuwa radhi aseme hakuijua kamwe kuliko kukiri kwamba mama yake alikufa kwa njaa.