Bushi ya Nailoni na Mzigo wa Saruji
Nakumbuka siku moja karakanani kwangu, mtaa wa Gerezani, wavuta mikokoteni waliposema kwamba mimi, na diploma yangu ya ng'ambo, sitaweza kutengeneza hata kifungo cha shati.

"Diploma ya plastiki!" alicheka Saidi, mvuta mkokoteni wa Kariakoo. "Ndugu yetu atatufinyangia ndoo."

Mwanangu, niliwanyamazisha. Beringi za chuma zilikuwa zimeadimika, mikokoteni imelala. Nikachonga bushi za nailoni za kukaa katikati ya gurudumu, zizunguke juu ya ekseli. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kipande kidogo kama ukucha, nikikisugua kwenye chuma chini ya uzito mdogo, mchana kutwa. Kiliteleza kama sabuni, wala hakikulika. Nani mwingine mjini angeweza?

Saidi na wenzake wakaniazima mikokoteni yao, nikazifunga bushi hizo. Lakini Saidi alipoanza kupakia saruji kwenye wake, hofu ikanishika. Kile kipande kidogo kilikuwa kinapata nafasi ya kupoa. Hii bushi je, chini ya mzigo ule, na vumbi la Kariakoo ndani yake? Mvutaji hutangulia mbele ya mzigo. Gurudumu likikwama, saruji yote inamlalia mgongoni.

"Toka, nitavuta mimi."

"Wewe? Na viatu hivyo vya Ulaya?"

"Toka, Saidi!"

Sikufika mbali. Nikasikia harufu ya nailoni inayoungua. Nilitaka kukimbia, lakini mzigo ulikuwa kisogoni. Gurudumu likalia, likalala upande. Nikajitupa pembeni, na mifuko ikaporomokea pale pale nilipokuwa nimesimama. Saidi hakucheka tena. Alinishika mkono, akaniinua.

Bushi ilikuwa imelainika kama nta juani, vumbi limeikwangua. Nikaanza upya: nailoni nyembamba ndani ya bomba la chuma, ili chuma kipokee joto. Hiyo niliijaribu kwa mzigo kamili, nikivuta mwenyewe njia nzima, nayo haikulainika.

Kwa hiyo, mwanangu, kidogo kikikutii usidhani kikubwa nacho kitatii. Kijaribu kwa mzigo wake na vumbi lake, na anayesimama mbele awe wewe. Hofu ikikushika, isikilize. Mimi msomi, hofu ndiyo iliyoniokoa. Mungu akupe mikono ya kazi, na kila anayetumia kazi yako amrudishe kwao mzima, kama alivyomrudisha Saidi siku niliyowarejeshea wote mikokoteni yao. Alivuta wake, umejaa saruji, akaondoka bila kugeuka nyuma kuutazama mzigo.