Kabla Orodha ya Yunisi Haijafungwa

Niliondoka Makole Jumatatu alfajiri nikiwa na hasira, na ni hasira iliyonisukuma, maana miguu ilishakataa siku nyingi. Mimi ni mwalimu mtembezi. Sina darasa langu. Nazunguka shule za vijijini kuwafuata watoto wasioona wanaosoma pamoja na wenzao wanaoona. Kwenye makaratasi tunaiita elimu jumuishi. Goti langu la kulia linaiita kwa jina jingine, ambalo sitaliandika hapa.

Sababu ya safari ilikuwa mstari mmoja. Ijumaa iliyopita, ofisini kwetu Mtumba, nilikuwa napitia orodha ya watahiniwa wa darasa la saba kutoka shule moja ya ng'ambo ya Mvumi. Jina la Yunisi lilikuwepo. Lakini kwenye safu ya wanaohitaji mtihani wa nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, pameandikwa "hakuna". Yunisi haoni tangu akiwa mchanga. Orodha ilikuwa inafungwa Jumatano. Ikifungwa vile, siku ya mtihani angepewa karatasi ya wino kama wenzake, akae nayo mpaka muda uishe. Nilimpigia mwalimu mkuu mara tano, simu haikupatikana. Nikajisemea, uzembe huu naufuata huko huko.

Saa tatu asubuhi, Mvumi. Nilishuka kwenye basi, nikanywa chai ya rangi nimesimama, nikatafuta pikipiki. Nilimpata Sefu, mwanamume wa makamo, mtu wa Kondoa aliyeoa huku.

"Mama, jana mvua imenyesha huko juu," aliniambia. "Tukikuta korongo limejaa, tutasubiri."

"Tutasubiri mpaka saa ngapi?"

"Maji hayana saa, mama."

Na kweli tulilikuta limejaa, maji mekundu yanapita na matawi ya miiba. Tulikaa ukingoni mpaka saa saba. Sefu alilala chali akakoroma bila wasiwasi. Mimi nilikaa juu ya begi langu nikipanga maneno ya kumwambia yule mwalimu mkuu, na kila nikiyapanga yalizidi kuwa makali. Maji yalipopungua tulivuka kwa miguu, Sefu akisukuma pikipiki, mimi nimeshika viatu mkononi. Kwa umri wangu huu, jamani.

Saa tisa, shuleni. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu, Malogo, ni mpole, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinikuta mlangoni nimejaa matope.

"Shikamoo, mama. Karibu maji kwanza."

"Marahaba. Maji baadaye. Nani amekuambia Yunisi hahitaji nukta nundu?"

Alitoa nakala ya fomu, akaweka kidole kwenye swali. "Wameuliza, wanafunzi wangapi wanatumia nukta nundu shuleni kwako. Sikutaka kuidanganya serikali, mama. Hapa kwa sasa hakuna anayetumia."

"Anasoma kwa nini, basi?"

"Kwa masikio. Mwenzake wa dawati anamsomea ubaoni, yeye anashika. Mtihani wa mwezi uliopita alikuwa wa nne."

"Na huo wa kumaliza, mwenzake atamsomea?"

Malogo aliikunja fomu. "Nilidhani wataruhusu," alisema. "Hapa tumemzoea mno. Tunasahau."

Nilitaka kumpasulia yote niliyoyapanga korongoni. Nikaona heri nimwone mtoto kwanza.

Saa kumi, shambani kwao. Ilikuwa msimu wa kuamia ndege, uwele umeanza kukomaa, na kila nyumba inatoa mtu wa kuwafukuza. Kwa kina Yunisi huwa anakaa yeye, kwa sababu husikia kundi likija kabla ya wenye macho kuliona. Alikuwa juu ya kichanja, ameshika kamba iliyofungwa makopo. Alinitambua kwa mwendo wangu wa kuburuza mguu.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja na mashine?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Mashine yake ya kuandikia nukta nundu ilikwama vitufe mwaka jana, nami nikaichukua mwenyewe, nikamwahidi kuirudisha baada ya wiki mbili. Fundi hakupatikana. Ofisi ikahama chumba, maboksi yakapangwa, na ile mashine ikaingia chini ya meza yangu. Nimekuwa nikiegemeza miguu juu yake. Malogo aliandika "hakuna" kwa sababu niliondoka nayo. Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe siku hiyo nilikuwa mimi.

"Sijaja nayo, mwanangu," nilisema. "Nilikusahau."

Aliivuta kamba, makopo yakalia, ndege wakahama upande wa pili. "Sawa, mwalimu," alijibu. Afadhali angelia.

Begini nilikuwa na ukurasa mmoja wa nukta nundu, hadithi ya darasa la nne. Nikampa. Vidole vyake vilikuwa na sugu za kamba. Mstari wa kwanza ulimchukua muda mrefu sana, wa pili akarudia mara tatu. Msichana huyu huyu alikuwa akimaliza ukurasa kabla sijafungua chupa yangu ya chai. Niliona aibu mpaka mwili mzima ukachoka.

"Yunisi, ukiletewa mtihani wa nukta nundu kwa mwendo huu, muda utakuishia," nilimwambia ukweli.

"Ule wa wino hata nikipewa mwaka mzima sitausoma," alisema. "Niandike, mwalimu. Herufi hazijanikimbia. Zinakuja polepole tu."

Jioni nilikula ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa Malogo, nikalala hapo. Nilipomweleza habari ya mashine aliniongezea mboga tu, na fomu ya marekebisho niliyokuja nayo akaisaini. Ningependa anigombeze kidogo.

Jumanne, saa tisa alasiri, Mtumba. Korongo lilikuwa limekauka, safari ya kurudi ilikuwa nyepesi kwa mwili tu. Nilimpelekea fomu Salome, binti anayepokea orodha. Akaipitia, akasema imewahi, ila nimeacha nafasi moja wazi: sababu ya marekebisho.

"Andika uzembe wa shule, mama," alinishauri. "Wote wanaandika hivyo, hakuna anayeuliza."

Kwa miaka yangu yote ya kuzunguka nimeandika maneno hayo mara nyingi, na sasa sijui ni mara ngapi yalikuwa kweli. Hilo ndilo nililojifunza, na halinipendezi. Nikaandika: "Mwalimu mtembezi alichukua mashine ya mwanafunzi na hakuirudisha." Chini nikaweka jina langu.

Salome alisoma, akanitazama. "Mama, hii itakuletea shida."

"Gonga muhuri, binti," nilimwambia. "Natakiwa kumtafuta fundi wa ile mashine kabla mafundi hawajafunga."